Sura ya Nne: Kutoka Hali Hadi Hali

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "I got up, got dressed, got the children ready, got some tea, got on the bus, got to work late and got told off." Mwingereza anaweza kuitamka kwa pumzi moja asione kwamba amesema jambo la ajabu. Sasa tuiseme sisi: niliamka, nikavaa, nikawaandaa watoto, nikapata chai, nikapanda basi, nikafika kazini kwa kuchelewa, nikakaripiwa. Kwetu ni vitenzi saba, kila kimoja na kazi yake. Kwake ni kitenzi kimoja, "get", katika umbo lake la wakati uliopita, "got", nacho amekitumia mara saba.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyefundishwa kwamba "get" ni kupata ataielewa ile chai, basi. Kwingine kote atakwama. Akiikimbilia kamusi anakuta maana zimepangwa kwa namba, safu baada ya safu: pata, pokea, nunua, leta, fika, kuwa, elewa, kamata, shawishi, ugua. Nchini Tanzania mtoto huyu, kama alisoma shule ya serikali, ndiyo kwanza ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, na sasa Fizikia na Historia zinamjia kwa Kiingereza. Orodha ile inamwambia: kariri. Wengi hujaribu, hushindwa, kisha hujihesabu wazito wa lugha. Hilo linaniuma, kwa sababu "get" si neno la kukariri. Lina wazo moja kuu, na wazo lenyewe mzungumzaji wa Kiswahili anaishi nalo kila siku.

Kwanza tukubali kwamba hata wenye lugha walitaabika. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa jijini London mwaka 1755, alilalamika katika dibaji kuhusu kundi la vitenzi vilivyomwongezea kazi. Alivitaja kwa majina, "get" ikiwa pamoja na "put", "set", "go", "run", "take" na "turn". Maana za vitenzi hivi, alisema, zimelegea na kutawanyika mno kiasi kwamba ni vigumu kuzifuata hadi mwisho. Baadaye kazi hiyo iliwaangukia wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, iliyochapishwa kwa mafungu kuanzia mwaka 1884 hadi 1928. Mhariri mkuu alikuwa James Murray, lakini herufi G, pamoja na "get" yake, ilikuwa mikononi mwa Henry Bradley. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, "set" peke yake ilipewa maana 430. Kisha mhariri mmoja wa Oxford, Peter Gilliver, akakaa na "run" kwa takriban miezi tisa, akatoka na maana 645 za kitenzi hicho. Tazama ni maneno gani yanayosumbua namna hii: mafupi, ya silabi moja, ya kale, yale ambayo mtoto wa Kiingereza huyasema kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati. Neno refu kama "photosynthesis" halimsumbui mtu. Ukishalijua mara moja, umelijua.

Sasa wazo lenyewe. Kiingereza kina vitenzi viwili vikuu vya kueleza hali iliyotulia. Kimoja ni "be", yaani kuwa. Cha pili ni "have", ambacho sisi hatuna kitenzi chake kimoja na tunasema kuwa na. "She has a book": ana kitabu. "He is tired": amechoka. "We are in Dodoma": tuko Dodoma. Hakuna kinachotokea katika sentensi hizo. Mambo yako yalivyo. "Get" ndiyo mlango wa kuingilia katika hali hizo. "She got a book": kitabu hakikuwa chake, sasa ni chake. "He got tired": alikuwa na nguvu, zikamwishia. "We got to Dodoma": tulikuwa njiani, sasa tumefika. Hata kuelewa kunapita hapo hapo. "I get it" ni kwamba jambo halikuwa kichwani, sasa limeingia. Popote utakapoikuta "get", usianze kwa kuuliza inatafsiriwaje. Uliza kabla yake hali ilikuwaje, na baada yake hali ni ipi.

Rudi kwenye sentensi ya mwanzo uijaribu. Kabla ya "got up" mtu amelala, baada yake yuko juu ya miguu yake. Kabla ya "got dressed" hajavaa, baada yake amevaa. Watoto hawakuwa tayari, wakawa tayari. Alikuwa kituoni, akawa ndani ya basi. Zile namba za kamusi ni hesabu ya hali ambazo binadamu anaweza kuingia, na hali hizo hazina mwisho. Ndiyo maana orodha haimaliziki.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni pale lugha zetu mbili zinapoachana. Kiswahili huyaweka mabadiliko ndani ya kitenzi chenyewe. Tuna choka, lewa, lowa, kauka, iva, konda, nenepa, zeeka, potea, kasirika, zoea. Kila kimoja kinasema kwamba kitu kimetoka hali moja kikaingia nyingine, na hakihitaji msaidizi. Kiingereza kwa sehemu kubwa kina jina la hali tu, yaani kivumishi, na kikitaka kueleza namna hali ilivyoingia huitia "get": get tired, get drunk, get wet, get dry, get ripe, get thin, get fat, get old, get lost, get angry, get used to.

Fikiria mtu aliyenyeshewa akitoka sokoni. Anaingia dukani kwa jirani, maji yanamchuruzika, anasema neno moja: nimelowa. Katika neno hilo yamo mambo mawili: kwamba mvua imempiga njiani, na kwamba hivi sasa nguo ni mbichi. Kiambishi -me- ndicho kinachoyabeba yote mawili. Kinasema mabadiliko yamekamilika na matokeo yake bado yapo. Mwingereza kwa kawaida huchagua. Akisema "I'm wet" ametaja nguo zilivyo sasa. Akisema "I got wet" ametaja kilichotokea njiani. Ndiyo maana vijana wetu huandika "I was tired and went home" mahali ambapo Mwingereza angesema "I got tired and went home". Sentensi ya kwanza si kosa, ila inasema kwamba uchovu ulikuwapo tangu mwanzo. Ya pili inasema uchovu ulimjia, akaamua kuondoka. Nilichoka nikaenda nyumbani: sisi tunasikia ule uchovu ukija. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba kile anachokisikia katika nilichoka ndicho "get" inachokifanya katika "got tired", nusu ya kamusi imekwisha.

Kiambishi hicho hicho cha -me- kinafungua fumbo jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Kwa nini Waingereza husema "I've got a car" wakimaanisha tu kwamba wana gari? Fuata maneno yalivyo: "I have got" ni nimepata. Aliyepata anacho. Sisi hatuna sababu ya kushangaa, kwani ni kawaida yetu kueleza hali ya sasa kwa tendo lililokamilika: amesimama, amelala, amevaa, ameketi. Hatusemi yuko katika kusimama. Alishasimama, basi amesimama. "I've got" ni ndugu wa amesimama. Nimepata imekomaa hadi ikawa ninacho.

Wamarekani wameitunza tofauti ambayo Waingereza waliiachia. Umbo la zamani, "gotten", limo katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, na liliposafiri kuvuka Atlantiki likakaa huko. Mmarekani akisema "I've got a car" anakuambia ana gari. Akisema "I've gotten a car" anakuambia amelipata. Uingereza umbo hilo limebaki katika vipande vichache tu, kama "ill-gotten", kinachohusu mali ya dhuluma, na ndani ya "forgotten". Hapo kuna jambo la kufurahisha: "forget", kusahau, imejengwa juu ya "get" pamoja na kiambishi cha kale cha kupoteza. Aliyesahau ni yule ambaye kile alichokuwa amekishika kimemponyoka.

Wala tusidhani kwamba pata yetu ni nyepesi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na mitihani ile ile. Kisu hiki kinapata, maana yake ni kikali. Ilikuwa yapata saa nne usiku, maana yake ni karibu saa nne. Umenipata? huulizwa katika simu na katika mazungumzo, kwa maana ya kusikia na ya kuelewa. Nitakupata tu, akisema mtu aliyekasirika, si ahadi njema, na Mwingereza hutisha kwa maneno yale yale: "I'll get you!" Halafu kuna ile pata inayotangulia kitenzi kingine. Nilipata kumwona. Alipata kuwa mkuu wa wilaya. Sijapata kuona mambo kama haya. Kiingereza kinasema "I got to see him" kwa maana hiyo hiyo ya nafasi iliyojitokeza. Hapa mwanafunzi awe macho, maana "I've got to see him", kwa kuongezwa kile kipande kidogo cha "have", ni kitu kingine kabisa: lazima nimwone. Moja ni bahati, nyingine ni wajibu, na katika mazungumzo ya haraka, ambamo "got to" hugeuka "gotta", kinachozitenganisha ni muktadha.

Kuna matumizi ya "get" ambayo naona ndiyo yenye utamu zaidi, nayo ni yale ya kutendwa. "The window was broken" ina maana mbili. Huenda dirisha lilikuwa limekwisha kuvunjika ulipofika, au huenda ulikuwapo likivunjwa. "The window got broken" inaondoa utata. Dirisha lilikuwa zima, kisha kikatokea kitu. Kiswahili kina njia tatu za kusema haya, limevunjika, lilivunjika, lilivunjwa, na ya mwisho inadokeza kwamba mvunjaji yupo. Lakini "got" ina ladha ya ziada. "He was arrested" ni sauti ya gazeti. "He got arrested" ni sauti ya jirani anayesimulia, na ndani yake mna kwamba yamemkuta. "Got robbed", "got fired", "got hurt": aliibiwa, alifukuzwa kazi, aliumia. Hata mema yanapita humo, "got promoted", "got chosen", almradi yawe yamemfikia mtu na kumbadilishia hali yake. Kiswahili nacho hutumia pata kwa jambo linalomshukia mtu bila hiari yake: amepatwa na msiba, amepatwa na ugonjwa. Jua na mwezi pia hupatwa.

Katika ndoa Kiingereza kinafumba kile ambacho Kiswahili kimezoea kukitaja. "Juma got married", "Asha got married": sentensi ni moja kwa wote wawili. Sisi tunasema Juma ameoa, Asha ameolewa, na wote wawili wameoana. Anayetafsiri habari kutoka Kiingereza hana budi ajue jinsia ya mhusika kabla hajaandika neno, vinginevyo atamwoza mwanamume kwa kauli ya kutendwa. "Get" haikuulizwa nani kamchukua nani. Iliulizwa tu kama mtu ameingia katika ndoa.

Halafu kuna "get" ya kumtuma mwingine. "I got the dress made" ni nimeshonesha gauni. "I got my hair cut" ni nimenyolewa, au kama wengi tunavyosema, nimekata nywele, ingawa mkasi ulikuwa mkononi mwa kinyozi. Ukija kwa watu, "I got him to sign" inahitaji sikio. Kuna "I made him sign", nilimlazimisha atie saini. Kuna "I had him sign", ya bosi asiyetarajia ubishi. "I got him to sign" imekaa kati: mtu alikuwa hataki au hajaamua, nikambembeleza, nikamweleza, nikamzunguka, mwishowe akatia. Safari ya kutoka hali hadi hali imo hata humo, na safari hii ilikuwa na mlima.

Sehemu inayowatisha watu zaidi ni pale "get" inapofuatwa na neno dogo: up, on, off, in, out, over, by, through, along, away. Johnson aliona tangu zamani zake kwamba mtindo huu ndio unaowatesa wageni kuliko mengi mengine. Siri yake ni kwamba neno dogo ndilo linalotaja hali mpya, na "get" inakufikisha hapo. "Over" ni upande wa pili wa kitu, basi "get over an illness" ni kuuvuka ugonjwa, kupona. "Through" ni kupenya, basi "get through" kwa simu ni simu kuingia. "By" ni kupita pembeni bila kugusa, basi "get by" ni kuishi kwa kipato kidogo bila kuanguka. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kunyambua: pata, patia, patana, patanisha, patikana. "Get along" ni kupatana, na ni jambo la kupendeza kuona kwamba lugha mbili zisizo na undugu zimetoa maelewano kutoka katika neno la kupata. "Get lost!" tunayo kwa ukali ule ule: potelea mbali!

Swali linalorudi sana madarasani ni la vyombo vya usafiri. Kwa nini "get in the car" lakini "get on the bus"? Sisi tunapanda vyote. Kanuni inayosaidia ni hii: chombo ambacho ndani yake unaweza kusimama na kutembea, basi, treni, ndege, meli, huchukua "on", na kukishuka ni "get off". Gari dogo unaloingia kwa kujikunja huchukua "in" na "out". Baiskeli na pikipiki, unazozikalia juu, huchukua "on" pia.

Kushuka kunanifikisha kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Jijini Nairobi abiria aliyesoma husema "I'm alighting at the next stage". Matangazo ya treni za chini ya ardhi za London nayo hutumia "alight". Lakini abiria wa London mwenyewe, akizungumza na mwenzake, husema "I'm getting off". Sisi tulikipokea Kiingereza kutoka ofisini, mahakamani, kanisani na katika kitabu cha kiada, na huko watu hawa-get. Huko wana-receive, wana-obtain, wana-arrive. Maneno hayo ya heshima yana asili ya Kifaransa na Kilatini, na mlango wake mkubwa ulifunguka baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066.

"Get" ilipitia njia nyingine. Kiingereza cha kale kilikuwa na mzizi wake ndani ya maneno marefu tu: begietan, kupata, forgietan, kusahau, ongietan, kufahamu. "Get" yenyewe, ikisimama peke yake, ililetwa na Waskandinavia, katika umbo la "geta". Mwaka 793 waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza. Miaka zaidi ya 70 baadaye walikuwa wameiteka York, na wengi wao wakalowea mashariki na kaskazini ya nchi wakalima, wakaoa, wakauziana mifugo na wenyeji. Maneno waliyoyaacha ni ya jikoni na uani: "egg", "knife", "window", "sky", "take", "call", hata "they". Neno la watu walioishi jirani halikuwahi kupanda cheo. Kwa muda mrefu walimu wengi wa Uingereza waliwakataza wanafunzi kuliandika katika insha, wakidai ni neno la uvivu. Mimi nadhani walikosea. Barua ya maombi ya kazi inahitaji "receive", sawa, lakini anayekikwepa "get" katika mazungumzo anaongea kama barua.

Na huko ambako watu walijifunza Kiingereza kwa masikio zaidi kuliko kwa kitabu, walilishika wazo hili bila kamusi. Katika Kipijini cha Nigeria "I get money" ni nina pesa. Katika Tok Pisin ya Papua New Guinea "mi gat" ni nina. Singapore, katika Kiingereza cha mitaani, "got" hutumika pia kwa maana ya kuna: "got people inside", kuna watu ndani. Ni nchi tatu zilizo mbali sana moja na nyingine, na watu wa zote tatu waliichukua "get" wakaipeleka pale pale ambapo Mwingereza aliifikisha kwa "I've got": aliyepata anacho, na kilichopatikana kipo.